Samaki wa Mti Asiyekauka

Umewahi kumchukia mtu kwa sababu tu kazi yake ni nzuri kuliko yako? Usinijibu kwa kutikisa kichwa. Wote hutikisa kichwa. Ukiwauliza watu habari za wivu utadhani ni ugonjwa wa nchi za mbali, na wao walichanjwa wakiwa wachanga. Dada ninayetaka kukusimulia habari zake naye alikuwa bingwa wa kutikisa kichwa, hadi mchana ule samaki wa mti alipogeuka ndani ya maji, bila kuvutwa na mtu, akamtazama.

Nianze na hao samaki, maana bila wao hutaelewa lolote. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa karakana, na dirisha lake pana lilifunguka barabarani ili wateja wahudumiwe bila kuingia na viatu vyao. Humo kaka na dada walitengeneza chambo bandia, vile vigumu vya mti, kwa watu wanaovua kwa fimbo na mshipi. Wao wenyewe hawakuwa wavuvi. Dada hata samaki wa kula alikuwa hawapendi. Alisema wananuka kazi.

Kipande cha mti mwepesi hupasuliwa katikati kwa urefu, kikachongwa mfereji wa kupitisha waya kutoka mdomoni hadi mkiani, ili samaki mkubwa akivuta asing'oe kitu. Vipande huunganishwa tena kwa gundi, vikapigwa randa, kisha msasa, mpaka kidole kikipita hakikwami. Tumboni hutobolewa tundu dogo la kutilia risasi, maana samaki wa mti asiye na uzito hulala ubavu majini kama mlevi. Kidevuni huchomekwa ulimi wa plastiki ngumu, na huo ndio unaomfanya apige mbizi na kujitikisa anapovutwa. Halafu ndiyo zije rangi, macho, vanishi na ndoano.

Kaka alichonga, na mtaa mzima ulimwita Fundi Randa. Dada, mkubwa wake, alitia uzito na kupaka rangi, naye akaitwa Fundi Rangi. Kazi waliachiwa na baba yao pamoja na nyumba, jiriwa moja ya kubania mbao, yenye kutu, na kopo la bati lililokaa rafu ya juu kabisa. Ndani ya kopo mlikuwa na vitu ambavyo watu walivikuta matumboni mwa samaki wa kweli na kumletea baba wapate kucheka naye: vifungo, ufunguo, jino la bandia, na hereni moja nzito ya rangi ya dhahabu, yenye umbo la tone. Baba hakuwahi kucheka. Vitu hivyo hakuvitupa, hakuviuza, wala hakuruhusu mtu avivae. Na katazo lake kubwa lilikuwa hili: kisitiwe hata kimoja ndani ya chambo.

"Chambo ni mwito," aliwaambia watoto wake. "Mnafikiri samaki anakuja kwa njaa tu? Anakuja kwa sababu ameitwa. Sasa ukitia kitu cha mtu ndani ya mwito, unadhani atakuja nani?"

Watoto walicheka walipokua. Lakini kopo hawakuligusa.

Basi kaka akaoa.

Wifi aliingia nyumba ile na masanduku mawili na ulimi mtamu, na kwa muda dada alimpenda kweli. Walicheka jikoni, walimsengenya jirani kwa pamoja, na hakuna kinachounganisha wanawake wawili kuliko jirani mwenye kiburi. Tatizo lilianza siku wifi aliposimama nyuma ya meza ya rangi akauliza, kwa nia njema kabisa, "Dada, nikushikie brashi moja?"

Alishika. Jicho la kwanza alilochora likatoka hai.

Sisemi zuri. Macho mazuri dada aliyachora maisha yake yote: duara jeupe, duara la njano, tone jeusi, kwisha. Jicho la wifi lilikuwa na hofu ndani yake. Lilikuwa jicho la samaki mdogo aliyegundua amechelewa kurudi kwao. Samaki mkubwa akiliona, angefanya nini zaidi ya kufungua mdomo?

Kisha yakaja magamba. Dada alitandaza kipande cha chandarua kuukuu juu ya mwili wa samaki na kupuliza rangi kwa bomba, na matundu ya chandarua yakaacha alama za magamba. Kazi safi, iliwalisha. Siku moja wifi akatoka chumbani na shela yake ya harusi mkononi, akaikata kwa mkasi kipande cha kiganja.

"Wewe una wazimu?" dada akapiga kelele. "Shela ya harusi!"

"Nitaolewa tena lini, wifi? Au umesikia kitu?"

Matundu ya shela yalikuwa madogo kama ya sindano. Alipoibandua baada ya kupuliza, kaka aliyekuwa kwenye jiriwa aliacha randa yake, akaja, akainama.

"Dada, hebu ona magamba haya! Utadhani ataruka."

"Naona," dada akasema. "Macho ninayo."

Wateja ni watu wasio na adabu. Huja na ukweli wao wakautupa mezani. Mmoja wao, mzee waliyemwita Mzee Kofia kwa sababu ya kofia lake pana kama ungo, alisimama dirishani akamgeuzageuza samaki mmoja juani.

"Huyu katengenezwa na nani?"

"Ni sisi," dada akasema haraka.

"Nyinyi nawajua toka enzi za marehemu. Jicho hili si la hapa."

"Ni mimi, mzee," wifi akasema kutoka nyuma, kitambaa cha vumbi bado puani.

"Ahaa! Basi nataka mmoja mkubwa, wa mkono huu huu. Nakwenda naye kwenye mashindano. Wa mkono huu huu, mmenisikia?"

Walimsikia. Dada alimsikia kuliko wote.

Kaka, ambaye kama wanaume wengi wema hakuona kitu kilicho mbele ya pua yake, alizidisha. Alimkabidhi mkewe mwili wa samaki uliokwishapigwa msasa, akasema, "Huyu ni wako mwanzo mwisho. Kila kitu wewe, na alama yako utie mwenyewe tumboni."

"Na uzito?" dada akauliza. "Uzito ni kazi yangu."

"Mwache ajaribu, dada. Atajifunza lini?"

Dada akatikisa kichwa, akatabasamu, akasema sawa. Ungemwona ungesema huyu mtu hana neno.

Wifi akatoboa, akatia risasi, akamjaribu samaki kwenye tangi la saruji uani, akaziba tundu kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Alasiri ile mtu na mkewe wakaenda sokoni kununua ndoano. Dada akabaki peke yake na yule samaki, ambaye alikuwa bado mweupe, bila jicho wala gamba.

Alichotaka ni kidogo tu. Alitaka samaki alale ubavu mbele ya Mzee Kofia. Alitaka kofia lile litikisike na mdomo ulio chini yake useme, mrudishieni Fundi Rangi kazi yake. Akafungua tundu kwa keekee ya mkono, akamwaga risasi kiganjani. Hapo angeweza kutia msumari, au changarawe, au asitie kitu. Lakini wivu una ushamba wake: hauridhiki na kosa la kawaida wakati kuna katazo juu ya rafu. Akapanda kwenye stuli. Hereni ilikuwa baridi kuliko bati iliyoizunguka. Aliisukuma tunduni, ikaingia kama iliyopimwa, akaziba, akapiga msasa, akapangusa vumbi. Waliporudi alikuwa anaosha brashi.

Wifi hakujua kitu. Alipaka rangi, akatandaza shela, akachora jicho, na tumboni, juu kabisa ya lile tundu lililozibwa, akatia alama yake, nyota ndogo nyeupe.

Vanishi ilipokauka walimpeleka tangini, wote watatu. Dada alikuwa ameshaandaa uso wa kusikitika. Wifi akamfunga kwenye uzi, akamshusha majini, na kabla hajavuta, samaki akaondoka.

Aliondoka taratibu, mkia ukicheza, uzi ukiwa umelegea nyuma yake. Akazunguka tangi akifuata ukuta. Alipofika mbele ya dada akasimama, akageuza ubavu, na lile jicho lenye hofu likamtazama. Tumboni mwake kitu kikatikisika mara moja: *cheke.*

"Umeona!" kaka akapiga makofi. "Hata hajavutwa! Mke wangu, wewe ni balaa!"

"Ni upepo," dada akasema. Hakukuwa na upepo. Na samaki aliyetiliwa ubaya ili alale ubavu aliogelea kuliko samaki wote waliowahi kutoka karakana ile, na sifa zote zikaenda kwa mwenye nyota. Ukitaka kujua dada aliogopa lini, sikufichi: alianza kwa kukasirika. Woga ulikuja nyuma, ukiwa umechelewa.

Mzee Kofia alimchukua samaki akiimba. Alimrudisha akiwa kimya, amemviringisha kwenye gazeti lililolowa.

"Pesa sitaki," alisema. Hakumtazama mtu. "Mchukueni tu."

"Hakuvua, mzee?" wifi akauliza.

"Kila nikimrusha, anashikwa. Hashikwi kwa mdomo, mwanangu. Nimevua maisha yangu yote, mdomo naujua. Anashikwa kwa..." Akafungua kiganja chake, akakifunga polepole. "Anashikwa hivi, anapapaswa, halafu anaachiwa. Kama mtu anayekagua kitu dukani." Akavuta kofia lake akaondoka, na hakuonekana tena mtaa ule.

Walimtundika samaki kwenye waya wa kukaushia, pamoja na wenzake. Wenzake walikauka. Yeye alidondosha maji, tone baada ya tone, kutwa nzima, na kesho yake, na kesho yake tena. Waliweka kopo tupu la rangi chini yake, likajaa. Maji yalinuka tope la chini ya mto, na ndani ya tope hilo, kwa mbali, manukato ya mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya mtu asiyetokea.

Dada ndiye aliyegundua habari ya kope. Walikaa meza moja, uso kwa uso, na mtu anayekuonea wivu hukutazama kuliko anayekupenda. Aliona wifi anachora, anainua kichwa, anazungumza, anacheka, na muda wote huo hapepesi. Akangoja. Hakupepesa. Macho yalikuwa wazi, yamelowa, yanang'aa, na juu yake kulikuwa na utando mwembamba, safi, kama vanishi iliyopakwa mara ya kwanza.

"Wifi, macho yako yana nini?"

"Yananiwasha tu. Rangi hizi." Akayasugua kwa mgongo wa mkono. "Ila dada, nikuulize kitu, usinicheke. Na wewe unaona kama hawa samaki wamegeuka?"

Dada akainua kichwa. Waya wa kukaushia ulikatisha chumba kizima, na samaki waliotundikwa kwa kawaida hugeuka huku na kule kila mmoja na lake. Wote walikuwa wameelekeza vichwa upande mmoja. Walikuwa wanamtazama wifi.

"Sioni kitu," akasema.

Mchana wa jua kali, siku kaka alipokwenda kuleta mbao na wifi akiwa amelala chumbani kwa maumivu ya macho, mwanamke alisimama dirishani. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Hata kuku walikuwa wamekimbilia kivulini. Alikuwa amevaa vizuri, nguo ya kitambaa cha bei, na pindo lake lilikuwa limelowa mpaka magotini ingawa vumbi la barabarani lilikuwa kavu kama unga. Sikio la kushoto lilikuwa na hereni nzito yenye umbo la tone. Sikio la kulia lilikuwa na tundu tupu, lililochanika kidogo.

"Nimeitwa hapa," akasema.

Dada akaweka brashi chini. "Hapa? Na nani, mama?"

Mwanamke akanyoosha mkono kupitia dirishani, na ule mkono ukafika mbali kuliko mkono unavyofika, ukapita juu ya meza, juu ya makopo ya rangi, mpaka kwenye waya, ukamshusha yule samaki aliyelowa. Akamweka sikioni, akamtikisa. *Cheke, cheke.* Akafumba macho kama mtu aliyesikia sauti ya mwanawe. Kisha akamgeuza tumbo juu, akapitisha kidole juu ya ile nyota nyeupe.

"Aliyetia alama hii ana mkono mzuri," akasema. "Ndiye aliyeniita?"

Sasa nisikilize vizuri. Hapo dada angeweza kusema hapana. Neno moja tu, jepesi, analolijua hata mtoto. Lakini alichosikia, katika yote aliyoyasikia mchana ule, ni *ana mkono mzuri.* Kiumbe kimetoka chini ya maji, kimekuja mpaka dirishani kwake, na kinamsifia wifi!

Akanyoosha kidole kuelekea chumbani. "Yupo ndani."

Mwanamke akamrudisha samaki kwenye waya kwa uangalifu, akasema asante, na hakuonekana alikoelekea. Kutoka chumbani wifi akapiga ukelele mmoja, mfupi.

Tangu siku hiyo wifi hakufumba macho tena. Alilala chali, mkono wa mumewe juu ya paji la uso wake, macho wazi yakitazama dari, na ule utando ukawa mzito kila siku kama anayepakwa na fundi mwenye subira. Daktari wa macho alimulika, akaandika dawa ya matone, akasema mgonjwa apumzike. Wifi akaanza kugonga milango. Akaanza kuuliza nani kaingia, wakati mumewe alikuwa amekaa naye kitandani. Na kila machweo, wakati mwanga unapogeuka rangi ya maji machafu, sauti ilipita nyuma ya ukuta wa chumba chake, *cheke, cheke,* ikafika usawa wa kichwa chake, ikasimama.

"Anakaa hapa," wifi alimnong'oneza dada, akimshika mkono. "Pembeni ya kitanda. Ana harufu nzuri, halafu ana harufu mbaya. Ananipaka kitu machoni, wifi. Ananichora. Dada, nikipofuka nitafanya kazi gani mimi?"

Dada akautoa mkono wake taratibu. Nitakwambia alichowaza, ingawa ni aibu: aliwaza kwamba jini aliloliita yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kuvunja katazo la baba yake, lilipita mbele yake kama linapita mbele ya stuli, likaenda kumchagua yule yule anayechaguliwa na wote. Hata jini. Akajichukia kwa wazo hilo. Lakini lilikuwa limeshawazwa.

Kaka, naye, hakuwa mjinga hata kidogo pale alipolazimika kufikiri. Siku moja akashusha kopo la baba, akamwaga vitu mezani. Vifungo, ufunguo, jino.

"Hereni iko wapi?"

"Mimi nitajuaje?" dada akasema.

"Dada. Iko ndani ya huyu samaki. Sikiliza." Akamtikisa. *Cheke.* "Risasi hailii hivi. Sasa nani aliitia? Kazi hii alifanya mke wangu mwanzo mwisho, nilimwambia mwenyewe. Lakini hajui habari ya kopo. Nilikuwa sijamwambia."

Maji yakadondoka.

"Muulize mkeo," dada akasema. "Wanawake na hereni."

Kaka alimtazama kwa muda. Kisha akamfunga samaki kwenye jiriwa, akachukua msumeno ili ampasue na kutoa kilichomo. Meno ya msumeno yaligusa mgongo wa samaki kidogo tu, na kutoka chumbani wifi akalia kilio ambacho kaka hakuwahi kukisikia kwa mtu wala mnyama. Walipomkimbilia alikuwa ameshika macho yake kwa viganja vyote viwili na mstari mwembamba wa damu ulikuwa ukitoka katikati ya vidole. Msumeno ukarudi ukutani. Samaki hakupasuliwa.

Waganga walikuja, maana shida ina harufu na wapo wenye pua. Mmoja alikuja na mkoba wa ngozi na suti, akajiita profesa, akawasha moshi mwingi sana na kuzungumza na jini kwa lugha ambayo nina hakika jini naye hakuielewa. Alipofika chini ya waya, samaki wote waliokuwa wakitazama chumbani wakamgeukia kwa pamoja, na profesa akakumbuka kwamba ana mgonjwa mwingine. Mkoba aliuacha.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa makamo aliyestaafu unesi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, ambaye watu walisema anayaweza mambo haya ila hapendi yatangazwe. Alikuja kabla ya machweo. Hakuwasha chochote. Alimpima wifi mapigo ya moyo, akamvuta kope kwa kidole gumba kana kwamba yuko wodini, akanusa, akaenda karakana. Akaagiza karai la maji liwekwe sakafuni na samaki atiwe humo.

"Kaeni pembeni yake, wote watatu. Mleteni mgonjwa."

Kaka akambeba mkewe, akamkalisha kwenye stuli ile ile ambayo dada aliipanda siku ya hereni.

"Mimi sifukuzi," yule mama akasema, akifuta miwani. "Wanaofukuza wanawala pesa zenu. Huyu hakuvamia. Ameitwa, amekuja, amekuta mwito una chake ndani na una alama ya mtu. Kwa hiyo anafanya anachojua: anamchukua mwenye alama. Ameanza na macho kwa sababu ndiyo yaliyomvutia."

"Atolewe vipi, mama?" kaka akauliza.

"Aliyeitia ile hereni aseme, kwa mdomo wake, kwa sauti, huku mwenye hereni akisikia. Basi. Ataacha alichokosea kukishika."

"Na aliyesema je?" Hilo aliuliza dada.

Yule mama akavaa miwani, akamtazama yeye, si mwingine. "Sijui. Sijawahi kumpata aliyekubali kusema."

Mwanga ukageuka. Ile harufu ikaingia, kwanza manukato, kisha tope, na ile sauti ikaanza mbali, nyuma ya uzio, ikapita tangini, ikapita mlango wa jikoni ambao walikuwa wameufunga kwa komeo, ikaja ndani ya ukuta wenyewe kama panya aliyevaa kengele, na samaki wote juu ya waya, wakubwa kwa wadogo, waliopakwa na waliokuwa bado weupe bila macho, wakaanza kujitikisa kwa pamoja kama wanaovutwa majini, na ndani ya karai yule samaki akaanza kuzunguka, polepole, halafu haraka, maji yakimwagika sakafuni na kufika miguuni mwao yakiwa baridi kama ile bati ya kopo, na dirishani, pale wateja wanaposimama, yule mwanamke akawa amesimama tangu muda gani hakuna ajuaye, kichwa kimeinama upande wa hereni, mkono mmoja umeshaingia ndani, mrefu, ukinyooka juu ya meza, juu ya makopo, na kwenye ncha ya kidole chake kuna tone zito, safi, linalong'aa, la kupaka kwa mara ya mwisho.

"Nani?" yule mama wa miwani akauliza. "Semeni sasa. Akipaka hilo, hakuna tena."

Kaka alikuwa analia waziwazi. "Mke wangu, kama ni wewe, sema tu. Sitakasirika. Naapa sitakasirika."

Wifi akageuza uso wake huku na huku, akiwatafuta. "Sikumbuki," akanong'ona. "Nilitia risasi. Nadhani nilitia risasi. Lakini kama ni kusema tu ili aondoke... labda niliichukua nikasahau. Dada yuko wapi? Wifi, nishike mkono, siwaoni."

"Usikubali lisilo lako," mama akamkemea. "Ukikubali, umejikabidhi."

"Nimechoka, mama." Wifi akavuta pumzi. "Nitasema. Ni mimi ndi..."

"Nyamaza!"

Dada alikuwa amesimama. Sitakudanganya kwamba ni huruma tupu iliyomnyanyua. Huruma ilikuwepo, ule mkono wa wifi uliokuwa ukimpapasa hewani ulimchoma. Lakini ulikuwepo pia ule ugonjwa wake wa zamani, kwamba hata hili, hata kosa lake mwenyewe, wifi anataka kumchukulia.

"Nyamaza, wifi. Hii si kazi yako." Akageuka kwa kaka yake, akashindwa kumtazama, akatazama jiriwa. "Nyota ni yake. Tundu ni langu. Mlipokwenda sokoni nilitoboa, nikamwaga risasi aliyoitia, nikapanda pale pale alipokaa, nikashusha kopo la baba. Nilitaka samaki wake alale ubavu. Nilitaka Mzee Kofia acheke. Na huyu alipokuja dirishani akaniuliza, nilimwonyesha chumbani kwa kidole hiki."

Katika karai samaki akasimama. Kwenye stuli, kope za wifi zikashuka, nzito, zikagusana, zikainuka tena.

Ule mkono mrefu ukasita hewani. Kisha, bila haraka, kichwa chenye hereni moja kikamwacha wifi, na samaki wote juu ya waya wakageuka pamoja nacho. Dada, ambaye maisha yake yote alitamani siku moja watu wamtazame yeye kwanza, akaona macho yote ya karakana ile yamemwelekea, akasogea dirishani ili asikike vizuri.

"Ni mimi," akasema, "niliyekuita."